Bibi Misitu Anajibu: Miti imesongamana na mvua ni haba

Barua nyingi za mwezi huu zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: mvua zinapopungua, je, ni sawa kukata baadhi ya miti ili mingine ipone? Tangu nilipotoka Chuo cha Misitu Olmotonyi nimefanya kazi hii, sehemu kubwa kwenye mashamba ya misindano (wengi mnaiita paini) ya Nyanda za Juu Kusini, na kupunguzia, yaani kutoa baadhi ya miti iliyobanana ili inayobaki ipate nafasi, ndiyo kazi niliyoipenda na kuitetea kuliko zote. Safari hii nimeziweka barua hizo pamoja. Iliyohitaji maelezo marefu nimeipa marefu.

*

Shikamoo Bibi Misitu. Marehemu baba ametuachia ekari nne za paini huku Makete. Alipanda mita mbili kwa mbili, na sasa zina miaka tisa. Miti imerefuka lakini ni myembamba, chini ni giza na sindano tupu. Tangu mvua zilipokatika mapema naona vilele vinageuka njano, na michache imekauka kabisa. Kuna mnunuzi mwenye dingdong, ile mashine ya kupasulia mbao ya kuhamahama, amekuja, anataka kuchagua ile minene tu, iliyobaki anasema "itakua". Wadogo zangu nao hawataki ukatwe hata mmoja, wanasema kila mti ni hela. Nimsikilize nani?
Mrithi, Makete

Marahaba mwanangu, na poleni kwa msiba. Usimsikilize mnunuzi. Wadogo zako wana hoja, ila wamehesabu miti bila kuhesabu maji.

Mita mbili kwa mbili ni miti 2,500 kwa hekta, yaani kama 1,000 kwa ekari. Sisi kwenye mashamba makubwa tulipanda tatu kwa tatu, miti 1,111 kwa hekta, na bado tulirudi kupunguzia kabla ya kuvuna. Miche 1,000 huishi vizuri kwenye ekari moja ikiwa midogo. Kisha mizizi inakutana chini, matawi yanakutana juu, na kuanzia hapo kila mti unakula cha jirani. Huko kwenu mvua ni ya msimu mmoja. Ikikoma Mei, maji yaliyohifadhiwa udongoni ndiyo posho ya shamba zima mpaka Novemba. Msindano haupukutishi majani kiangazi kama miti ya miombo. Unakunywa mwaka mzima. Hata vile vinyunyu vya mwisho wa msimu havifiki kwenye mizizi, kwa sababu paa zito la sindano limevidaka na jua limevirudisha hewani.

Mti unaokosa maji hufunga vitundu vya majani yake. Unajiokoa na kiu, lakini papo hapo unaacha kutengeneza chakula, na utomvu wake unapungua. Utomvu ndio silaha ya msindano dhidi ya wadudu na vidonda. Silaha ikiisha, magonjwa yaliyokuwapo siku zote yanapata mlango. Kuvu wa Diplodia anaweza kukaa ndani ya msindano wenye afya bila dalili yoyote, kisha ukame au mvua ya mawe ikiudhoofisha mti, anakausha machipukizi ya juu. Vilele vyako vya njano vinanielekeza huko, lakini sitoi hukumu kwa barua. Kata kilele kimoja kilichokauka, tazama kama kuna utomvu ulioganda na vidoa vidogo vyeusi kwenye kitako cha sindano, kisha mpelekee afisa misitu wa wilaya akione kwa macho yake.

Sasa fanya hivi. Tafuta kamba yenye urefu wa mita 5 na sentimita 64. Shika ncha moja katikati ya shamba, mwenzako azunguke na ncha ya pili. Duara hilo ni mita za mraba 100. Hesabu miti iliyomo. Zidisha kwa 100 upate idadi ya hekta, au kwa 40 upate ya ekari. Rudia sehemu mbalimbali, bondeni na mgongoni, maana shamba halilingani. Kama miche yote ya mzee ilishika, utapata kama miti 25 kwenye kila duara.

Usishuke kutoka 25 hadi 6 kwa siku moja, hata kama moyo unakusukuma. Miti iliyokua kwa kubanana hutegemeana. Shina ni jembamba, kichwa ni kidogo, mizizi haijazoea upepo, na migongo ya Makete ina upepo. Ukiiacha wazi ghafla, itainama au itang'oka. Safari hii bakiza 12 katika kila duara. Baada ya miaka miwili mitatu, vichwa vikishapanuka, rudi ubakize 6 au 7. Shamba likifika miaka 15, mimi ningetaka kuona 4, yaani miti 400 kwa hekta, na hiyo ndiyo itakayokupa mbao pana.

Uchaguzi ndio kazi yenyewe, na haufanywi msumeno ukiwa unanguruma. Pita shambani na kopo la rangi siku chache kabla. Kwanza tafuta ya kubaki: iliyonyooka, isiyo na kidonda, yenye matawi mabichi angalau theluthi moja ya urefu wake, na yenye nafasi kutoka kwa mwenzake. Ukishaijua hiyo, ya kutoka inajitaja: iliyokauka, yenye vichwa viwili, iliyopinda, iliyochubuliwa, na ile iliyofunikwa na wenzake mpaka imebaki na kishungi juu.

Mnunuzi wako anataka kinyume cha hayo. Akiondoka na minene, amebeba miti iliyoonyesha kwamba inaweza kuishi kwenye udongo huo kwa maji hayo, na amekuachia iliyoshindwa. Mti uliokandamizwa miaka tisa hauamki kwa sababu jirani yake mkubwa ameondoka. Nimeona mashamba mengi yakiharibiwa namna hiyo, na huwa inaniuma, kwa sababu mwenye shamba hupokea fedha akidhani amepunguzia. Mwambie anunue ile uliyoipiga rangi au aende. Itatoa mirunda, fito na kuni, na pengine vibao vyembamba kwa ile minene kidogo. Nikuambie ukweli, mauzo ya kupunguzia kwa mara ya kwanza mara nyingi hayazidi sana gharama ya kazi. Faida iko kwenye miti inayobaki. Na kabla gari halijapakia, pitia ofisi ya misitu kwa ajili ya TP, yaani kibali cha kusafirisha mazao ya misitu, usije ukazuiwa kizuizini na mzigo wako halali.

Matawi na vilele vilivyokatwa visilale vilivyoangukia. Huko ndiko watu wanakoharibu kazi nzuri. Umepunguza kiu ya shamba, halafu umetandaza nishati kavu chini yake, na kuanzia Septemba mpaka Novemba jirani yako anaandaa shamba la mahindi kwa kiberiti. Miti inayobaki ipogoe mpaka urefu unaoufikia kwa msumeno wa mkono, ili moto wa chini usipate ngazi ya kupandia. Takataka zipange kwa mistari inayokata mteremko, mbali na mashina, au waruhusu akina mama wa kijiji wabebe kuni bure. Pembezoni palimwe njia safi ya kuzuia moto. Kuhusu wakati, mimi hupendelea Mei na Juni, mvua zikiwa zimeisha punde, ili miti iliyobaki iingie kiangazi ikiwa na wagombea wachache. Lakini kama huna mikono ya kuondoa takataka kabla ya Septemba, subiri mvua za kwanza ndipo ukate. Moto ni adui mkubwa kuliko kiu ya mwaka mmoja.

Kwa wadogo zako, usibishane nao. Chukua mti mmoja kati ya ile iliyopigwa rangi, ukate karibu na ardhi, usafishe kisiki, waite waje watazame pete zake. Karibu na kiini wataona pete pana za miaka ya mwanzo. Nje kabisa, upande wa gome, pete zitakuwa zimekaribiana kama kurasa za kitabu. Hapo wataona wenyewe tangu lini miti ya baba yao imeacha kunenepa.

*

Habari Bibi. Darasani tunajifunza kwamba miti hufyonza hewa ya ukaa, na kila mahali kuna kampeni ya kupanda. Wewe kila toleo unasema tupunguze. Huoni kwamba unawapa wakataji kisingizio?
Mwanafunzi, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA), Morogoro

Siku unayopunguzia, kaboni iliyosimama shambani inapungua. Hilo ni kweli, na mtu akikuambia vinginevyo muulize anauza nini. Miti inayobaki hunenepa haraka zaidi, lakini jumla ya shamba inaweza kuchukua miaka mingi kufikia ile ya shamba ambalo halikuguswa, endapo hilo ambalo halikuguswa litabaki salama.

Hapo kwenye "endapo" ndipo pa kuchunguza. Msitu uliosongamana unabeba kaboni nyingi mpaka mwaka wa ukame unapofika. California kulikuwa na ukame tangu 2012 hadi 2016, na Idara ya Misitu ya Marekani ilihesabu miti milioni 129 iliyokufa, mingi kwenye milima ya Sierra Nevada. Haikufa kwa kiu peke yake. Misitu ilikuwa imejaa kupita kiasi baada ya miaka mingi ya kuzimwa kila moto, miti ikakosa utomvu, na mbawakawa wa magome wakaingia bila kipingamizi. Kaboni ya mti uliokufa inarudi hewani polepole kwa kuoza, au kwa siku moja kwa moto. Tukipima kwa miaka 50 badala ya mitano, hesabu inabadilika. Inabadilika pia kulingana na kinachofanyika na mti uliotolewa: boriti ya nyumba inashikilia kaboni muda mrefu, mkaa hauishikilii hata mwezi.

Kisingizio nakiogopa kama wewe. Kwa hiyo nakupa kipimo cha kumpima anayedai kupunguzia. Je, ameweka alama kabla ya kukata? Je, anayetoka ni mdogo na dhaifu, au mkubwa na mzuri? Je, kilichobaki ni msitu? Mwenye majibu mabaya kwa hayo matatu anavuna, hata akiita kazi yake jina gani.

*

Jambo Mama Misitu. Mimi ni mzaliwa wa Bukavu, naishi Phoenix, Arizona. Kazi yangu ya lori inanipeleka Flagstaff kila juma. Kule juu kuna pori kubwa la misindano, na ninaona mashine zinakata miti ndani ya pori la serikali. Wakati wa baridi kidogo naona moshi, wananiambia serikali yenyewe ndiyo imewasha moto! Kwetu tulifundishwa kwamba kuchoma pori ni kosa. Hawa watu wanafanya nini? Si biashara ya mbao tu?
Baba Furaha, Phoenix

Jambo sana, Baba Furaha. Umepita katikati ya mahali ambapo watu wa kazi yangu wamepatazama kwa zaidi ya miaka mia. Mwaka 1908, hapo karibu na Flagstaff, kwenye bonde la Fort Valley, Idara ya Misitu ya Marekani ilianzisha kituo chake cha kwanza cha utafiti wa misitu. Swali lao la mwanzo lilikuwa la ajabu ukilinganisha na la leo: kwa nini miche ya msindano haioti ya kutosha?

Mti unaouona huko ni msindano wa ponderosa. Gome lake la ukubwani ni nene na linastahimili moto mdogo. Zamani moto wa nyasi ulipita chini yake kila baada ya miaka michache, ukila miche na majani makavu, na kuiacha miti mikubwa imesimama kwa nafasi, na nyasi katikati. Kisha mwishoni mwa karne ya 19 ikaja reli, ikaleta ng'ombe na kondoo kwa maelfu. Mifugo ikala nyasi zilizokuwa zikibeba moto. Baadaye serikali ikaanza kuzima kila moto uliobaki. Mwaka 1919 mbegu nyingi na mvua nzuri vikakutana, na miche ikaota kwa wingi usio wa kawaida. Safari hii hapakuwa na moto wa kuipunguza. Ile miti myembamba iliyobanana ambayo huwezi kupita katikati yake, mingi ni ya kizazi hicho. Ina zaidi ya miaka mia na bado ni fito.

Kwa hiyo mashine unazoziona zinafanya kazi ambayo moto mdogo ulikuwa unaifanya bure, na moshi unaouona ni moto huohuo umerudishwa kwa mpango, siku ambazo upepo na unyevu vinaruhusu. Bila kupunguza kwanza, huwezi kuuwasha: utapanda mitini. Mwaka 2002 Arizona ilipata moto wa Rodeo-Chediski uliounguza zaidi ya hekta 180,000, na mwaka 2011 moto wa Wallow ukazidi hekta 200,000.

Lakini mfano unaonigusa zaidi ni mdogo kuliko hiyo. Juni 2010 moto uitwao Schultz uliunguza hekta kama 6,000 kwenye miteremko iliyo juu ya Flagstaff. Mwezi uliofuata zikaja mvua zao za kiangazi. Udongo uliokuwa umeungua haukunywa maji, mafuriko yakashuka kwenye makazi ya chini, na msichana mmoja mdogo akapoteza maisha. Mwaka 2012 wananchi wa mji huo wakapiga kura wakakubali mji wao ukope dola milioni 10 kwa ajili ya kupunguzia misitu ya juu yao, mingi ikiwa ni mali ya serikali kuu na si yao. Natamani madiwani wetu wa miji inayokunywa maji ya mlimani waisome habari hiyo: watu wa mjini walikubali kulipia afya ya msitu kama wanavyolipia bomba.

Ni biashara? Kwa sehemu ipo, na si dhambi. Tatizo lao kubwa limekuwa upande wa pili. Miti wanayoitoa ni myembamba, haina thamani kubwa sokoni, na ndiyo sababu mojawapo mpango wao mkubwa unaogusa misitu minne ya taifa umekwenda polepole kuliko walivyotarajia. Ukisimamisha lori mahali panaporuhusiwa, tazama magogo yanayotoka. Ponderosa kijana ana gome la kiza. Mzee ana gome la rangi ya chungwa iliyopauka, na ukilikaribia kwa pua siku ya jua linanukia kama vanila. Ukiona wanabeba vijana na kuwaacha wazee, kazi ni safi. Ukiona wazee wanapakiwa, una haki ya kuuliza, na huko mikutano ya kusikiliza maoni ya wananchi iko wazi kwa kila mkazi.

*

Hujambo Bibi. Niko Nyandarua, Kenya. Nina misaiprasi kwenye shamba langu mwenyewe, nilipanda karibu karibu nikitarajia kuipunguza. Serikali ilipopiga marufuku ukataji mwaka 2018 niliogopa kugusa, kisha ukaja ule ukame wa 2020 hadi 2023. Sasa ndani imekauka rangi ya kahawia, hasa matawi ya katikati. Marufuku imeondolewa. Nimechelewa?
Mzee wa Saipras

Sijambo mzee wangu. Marufuku ya Februari 2018 ililenga misitu ya umma na ya jamii, na Rais Ruto aliiondoa Julai 2023 akisema miti iliyokomaa ilikuwa ikiozea msituni. Woga wako naufahamu, wengi wenye miti yao binafsi waliingiwa nao. Kabla ya kuanza, uliza ofisi ya misitu ya kaunti kibali gani unahitaji kwa miti ya shambani mwako.

Hudhurungi ya katikati inaweza kuwa giza tu. Saipras hukausha matawi yasiyopata mwanga, na hilo halina ubaya. Ila panua tawi utazame kwa makini mpaka wa kijani na kahawia. Ukikuta vidukari vya rangi ya udongo vimeng'ang'ania gome, na majani yanateleza kwa majimaji matamu yaliyoota ukungu mweusi, huyo ni kidukari wa saipras. Aliingia Malawi mwaka 1986, Kenya akafika 1990, na wengi wa rika letu tunakumbuka jinsi ua za nyumba zilivyogeuka kama zimeunguzwa. Miaka ya 1990 aliletwa nyigu mdogo sana, Pauesia, anayetaga mayai ndani ya kidukari, na alisaidia mno. Kwa hiyo usikimbilie dawa ya kupuliza. Utamuua mlinzi pamoja na mwizi.

Hujachelewa kama vilele bado ni vya kijani. Toa kwanza iliyoathirika zaidi ya nusu, halafu ile iliyokandamizwa. Theluthi moja ya shamba inatosha kwa safari ya kwanza. Saipras iliyofunguliwa ghafla huanguka kwa upepo kama msindano.

*

Bibi Misitu, kijiji chetu kiko karibu na Amani, Muheza. Kamati yetu imesikia habari za kupunguzia. Je, tuupunguzie msitu wa asili wa kijiji ili ustahimili ukame?
Katibu wa kamati

Hapana. Tafadhali liandikeni katika kumbukumbu za kikao.

Msitu wa Usambara hauishi kama shamba la misindano wala kama pori la Arizona. Umejengwa kwa kivuli. Ukungu unaoingia kutoka Bahari ya Hindi hunaswa na majani, kuvumwani na mimea inayoota juu ya matawi, na unyevu hubaki kwa sababu juu pamefungwa. Hakuna moto wa kila mara ambao kuukosa kumeusonga msitu. Miti ya umri wote kusimama pamoja ndiyo afya yake. Na ushahidi mnao jirani: Maesopsis, mti wa kigeni kwa Usambara, ulipandwa hapo enzi za ukoloni, na magogo yalipovunwa msituni kwa mashine miongo iliyofuata, uliingia kwenye kila uwazi na kutawala. Mkiufungua msitu, mtaufungulia mlango mti huo.

Kama kamati ina nguvu ya kufanya kazi, elekezeni kwenye mikaratusi na mitiki ya vijiji, na kwenye kulinda kingo za msitu zisiingiliwe na moto wa mashambani.

*

Shikamoo Bibi. Mimi ni mama wa watoto wanne, Chamwino, Dodoma. Tumefundishwa kisiki hai, yaani kutunza maotea ya visiki vya zamani yawe miti tena, na nimeanza shambani kwangu. Mume wangu ananilaumu: anasema nchi ni kame, kila jani ni la thamani, na mimi natembea na panga nakata maotea. Naomba unisaidie kumjibu.
Mama wa Chamwino

Marahaba mama, na hongera. Umegusa kupunguzia kunakofaa kuliko kote katika nchi yetu kavu.

Mweleze hivi. Kichaka kile anachokiona kinyonge juu ya ardhi kina mizizi ya mti mzima chini yake. Mti ulikatwa zamani, mizizi haikufa. Kila mwaka inatuma maotea, labda 20 au 30, mbuzi wanakula, jembe linapita, moto unapita, na mwaka unaofuata yanatoka tena. Nguvu ya mizizi inagawanywa kwa maotea yote na hakuna linalofika juu ya mdomo wa mbuzi. Ukibakiza matatu hadi matano yaliyonyooka na kukata mengine, mizizi ileile, yenye uwezo wa kufikia maji ambayo mche wa kitalu hauyafikii, inapeleka kila kitu kwa hayo machache. Ndiyo maana mgunga uliotokana na kisiki unampita kwa haraka mche uliopandwa siku hiyohiyo na kumwagiliwa kwa ndoo.

Njia hii haikuanzia Dodoma. Mwaka 1983, huko Maradi nchini Niger, Tony Rinaudo kutoka Australia alikuwa akihangaika na miche inayokufa, mpaka alipotambua kwamba vichaka vilivyoenea mashambani vilikuwa miti iliyokatwa. Wakulima walioanza naye walichekwa, baadhi walikatiwa miti yao usiku. Leo Niger inatajwa kuwa na hekta zipatazo milioni tano zilizorudishiwa miti namna hiyo, mikononi mwa wakulima wenyewe. Kwenu, shirika la LEAD Foundation na wenzao wa shirika la Justdiggit ndio walioieneza kijiji kwa kijiji.

Mambo manne ya kuzingatia. Kata kwa panga kali, mkato wa mshazari, ili maji yasituame kwenye kidonda. Pogoa matawi ya pembeni kwa nusu ya chini tu. Ukipandisha zaidi shina litakuwa refu na dhaifu, upepo wa Agosti utalivunja. Funga kitambaa cha rangi kwenye kila kisiki ulichokishughulikia, ili wachungaji na vibarua wa kulima wajue kwamba kina mwenyewe. Na rudi kila baada ya miezi michache, kwa sababu maotea mapya yatatoka tu. Baada ya mwaka wa pili unaweza kupunguza tena, ubakize moja au mawili, na yale unayoyatoa wakati huo yatakuwa kuni au fito za kuezekea. Hapo mume wako atakapoona kuni zinatoka shambani badala ya kufuatwa porini, hutahitaji barua yangu.

Mbuzi ndio mtihani wako halisi. Kitambaa hakimzuii mbuzi. Ongea na uongozi wa kijiji kuhusu sheria ndogo ya malisho baada ya mavuno, maana mashamba yakishakuwa wazi ndipo yanapoliwa. Ikiwa majirani wa pande zote mbili nao wameanza, itakuwa rahisi kukubaliwa.

*

Barua zilizouliza kuhusu milingoti (mikaratusi) kwenye vyanzo vya maji ni nyingi kuliko nafasi iliyobaki. Nitazijibu toleo lijalo, pamoja na ile ya Kilolo iliyoambatana na picha. Kwa leo niseme tu kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka mita 60 kutoka kwenye ukingo wa mto au chanzo cha maji kuwa eneo la kulindwa. Pimeni kwanza. Mtakaoandika, tajeni umri wa miti, nafasi mliyopandia, na mwezi ambao mvua zenu huisha. Bila hayo matatu siwezi kumshauri mtu.